Miche Mitatu ya Chokoleti

Mtaani alijulikana kwa jina la Dobi, na jina hilo lilimtosha kwa miaka mingi, mpaka keki za mkewe zilipoanza kusifiwa nyumba hadi nyumba. Baada ya hapo watu wakawa wanamtaja kama mume wa Mama Keki. Hakukasirika. Alisema shati chafu haliulizi jina la anayelifua, akaendelea kupiga pasi.

Kazi aliianza akiwa na miaka kumi na saba, katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa. Kilikuwa chumba cha chini kabisa, hakina dirisha, na mvuke wake ulikuwa mzito kiasi kwamba wafanyakazi walitambuana kwa vikohozi. Msimamizi wake, mtu mwembamba aliyejaliwa ndevu zisizozidi saba, alimfundisha mambo mawili kuhusu pasi. La kwanza lilikuwa la siku zote. Weka kikombe cha maji mkono wako wa kulia, chovya kidole, gusa pasi, sikiliza. Ikilia kwa ukali, iko tayari kwa pamba. Ikilia kivivu, ngoja kidogo. Isipolia kabisa, kamwite fundi wa umeme.

La pili lilihusu hariri, na hilo alifundishwa mwaka wa tatu, kwa sababu hakuna msimamizi mwenye akili timamu anayemkabidhi mgeni hariri ya watu. Hariri haitaki tone la maji, ukiidondoshea linaacha alama ya duara ambayo mwenye nguo ataiona kabla hajaona kitu kingine. Kwa hiyo ukiwa na hariri kikombe unakiweka mbali, pasi unaisogeza karibu na shavu bila kugusa, na shavu ndilo linalokwambia. Wapo waliobaki na kumbukumbu ya somo hilo usoni. Dobi alikuwa na bahati, au alikuwa na shavu lenye adabu, maana hakuungua hata mara moja.

Mkewe, Dobi alimjua kwanza kwa madoa. Alikuwa msichana wa jikoni, upande wa keki, na kila Jumatatu aproni zake zilishuka chini pamoja na za wenzake. Za wenzake zilikuwa na madoa kila mahali, kana kwamba walipika kwa vifua. Zake zilikuwa na doa moja tu, la chokoleti, daima mahali pale pale karibu na kiuno upande wa kulia, alipokuwa akifutia kidole gumba. Dobi alilifua doa hilo kwa maji baridi, kwa sababu doa la chokoleti ukilitia maji ya moto umelikaribisha likae moja kwa moja. Alilifua miezi mitano. Mwezi wa sita alipanda ngazi kwenda kumwona mwenye kidole, akiwa amebeba aproni zilizokwisha nyooshwa, ingawa kulikuwa na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo ya kuzipeleka. Mtu huyo hakumsemesha mwezi mzima.

Walioana, wakaacha hoteli, wakapanga nyumba yenye sebule iliyotazama barabara. Sehemu ya mbele ya sebule ikawa duka la Dobi, na jiko la nyuma likawa la mkewe. Kwa miaka arobaini kila mmoja alikuwa na himaya yake. Mke hakugusa pasi. Mume aliingia jikoni kunywa chai na kutoka, na chokoleti aliijua kama doa tu.

Kisha mke akapata kiharusi. Kilikuja asubuhi moja akiwa anavunja mayai, na kilipoondoka kilikuwa kimechukua mkono wa kulia. Mguu ulirudi kiasi, kwa msaada wa fimbo. Maneno nayo yalirudi. Daktari alisema hivyo, na Dobi mwenyewe aliwahi kumsikia akimfukuza paka wa jirani kwa sentensi kamili isiyo na kasoro. Ila hakuwa akiyatumia. Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akatazama barabara, na akiulizwa kitu alijibu kwa neno moja ambalo mara nyingi lilikuwa "sawa."

Miezi minne ikapita hivyo. Dobi alijifunza kuchemsha mayai. Alijifunza kumvisha mkewe gauni kwa kuanzia mkono mgonjwa, na kumchana nywele bila kumvuta. Jioni alipiga pasi nguo za wateja akiwa amegeuza meza ili amwone kitini, akamsimulia nguo ni za nani na zimechafuliwa na nini. Mke alisikiliza, au alitazama barabara. Ilikuwa vigumu kujua.

Binti yao wa pekee alikuwa muuguzi katika mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa gari. Alikuwa akija kila wiki ya pili. Safari moja alikuja, akampima mama yake presha, akafungua kabati la jikoni, akakuta mayai na mkate, akalifunga. Kisha akamwita baba yake nje, karibu na kamba za nguo.

"Baba, mimi sikulaumu," alisema. "Unajitahidi mpaka unanishangaza. Lakini mama anazimika hapa. Kwangu kuna watoto, kuna kelele, kuna mtu wa mazoezi ya viungo kila asubuhi. Nikija safari ijayo naomba niondoke naye."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimemuuliza. Amesema, mtakavyoona."

Dobi alishika shuka lililokuwa kambani, akalinyoosha ncha ambayo haikuwa na shida. Hakutaka mkewe aende. Hakuwahi kutaka kitu chochote kiasi hicho. Lakini binti alikuwa muuguzi, na alichosema kilikuwa kweli, na upande wa pili kulikuwa na mzee anayechemsha mayai. Akasema, "Haya, mwanangu. Safari ijayo."

Safari ijayo ilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili. Dobi akafanya jambo pekee aliloliweza vizuri. Alizitoa nguo zote za mkewe kabatini, akazifua, akazipiga pasi moja moja, hata zile za kulalia ambazo hakuna mtu angeziona, akazikunja kwa vipimo vya hoteli na kuzipanga ndani ya mkoba wa safari. Kazi hiyo ilimchukua siku tatu. Siku ya Jumanne aliufunga mkoba, akauweka miguuni pa kitanda. Mkewe aliuona alipokwenda kulala. Aligeukia ukutani, na Dobi akazima taa.

Jumatano asubuhi, akiwa ameshika kikombe chake kwa mkono wa kushoto, mke alisema bila kugeuza kichwa, "Jumamosi mjukuu wako anatimiza miaka saba."

Dobi aliacha kumenya yai. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote za mwezi ule.

"Najua," alisema. "Anakuja na mama yake."

"Anakuja kula nini?"

Hapo Dobi alielewa. Tangu mtoto huyo atimize mwaka mmoja, kila mwaka bibi yake alimtengenezea keki ya duara iliyomwagiwa chokoleti juu, laini mpaka mtoto alijitazama uso humo kabla ya kukubali ikatwe. Keki sita. Dukani zilikuwepo keki, lakini alijua asiseme hivyo.

"Mimi nitakuwa mikono," alisema.

Mke akamtazama, mkono wa kwanza kisha wa pili, kwa namna ambayo watu hutazama viatu vya kuazima. "Heri hata kamba zako za nguo ungezipa kazi hiyo," alisema. "Nenda dukani. Chokoleti ya kupikia, ile nyeusi. Sio ya watoto. Lete moja."

Alileta miche mitatu, yote iliyokuwepo, kwa sababu alikuwa akijijua. Ndivyo alivyoviita vile vipande, miche, kama ya sabuni, na mke hakuona haja ya kumrekebisha.

Keki yenyewe ilitoka salama Ijumaa asubuhi. Ililalia upande mmoja kidogo, maana oveni ilikuwa imekaa miezi minne bila kazi na ilikuwa imenuna, lakini ilipanda, na ndani ilikuwa imeiva. Mke aliitazama, akaichoma kijiti, akasema itafaa. Wakaiacha ipoe. Ikabaki chokoleti, na mke alikuwa ameshasema kwamba keki hupikwa na yeyote, ila chokoleti ndiyo inayomjua mpishi.

Mche wa kwanza aliuyeyusha mchana, mke akiwa kitini pake sebuleni na mlango wa jikoni umeachwa wazi. Amri zilipita mlangoni moja moja.

"Katakata ndogo ndogo. Ukubwa wa kucha."

"Nimekata."

"Maji kidogo kwenye sufuria. Bakuli likae juu, tako lake lisiguse maji. Na bakuli liwe pana kuliko sufuria, mvuke usipate njia."

"Limekaa."

"Moto mdogo. Maji yakianza kupiga kelele, zima."

Dobi alikoroga taratibu kwa mwiko. Alitangaza kwamba inalainika. Alitangaza kwamba inang'aa. Kisha akanyamaza kwa muda.

"Nini?" mke aliuliza.

"Bibie, imekuwa matope."

Alimpelekea aione. Ilikuwa imepoteza mng'aro wote na kujikusanya kwenye mwiko, donge moja zito lenye chembechembe. Mke aliligusa kwa kidole cha kushoto, akakisaga na gumba.

"Imeingia maji," alisema.

"Haijaingia maji."

"Mzee, chokoleti inavumilia mengi. Unaweza kuikata vibaya, unaweza kuisahau. Maji haivumilii. Tone moja tu, inashikana hivi, na hairudi. Mwiko ulikuwa mkavu?"

Mwiko ulikuwa wa mbao, na wa mbao huficha unyevu tumboni. Walikubaliana kwamba mkosaji ni mwiko. Dobi alichukua kijiko kirefu cha chuma, akakifuta kwa taulo, akalipiga pasi taulo lenyewe, akakifuta tena. Bakuli alilifuta hivyo hivyo. Hakuna jiko la nyumbani lililowahi kuwa na vyombo vikavu kama vile. Mke alikuja na fimbo yake akaketi kwenye meza ya jikoni, nyuma ya mume, aone kwa macho.

Aliona mgongo. Dobi alikuwa na mgongo mpana wa watu wa pasi, na alisimama mbele ya jiko kama alivyosimama mbele ya meza yake miaka yote, miguu imetanuka, kiwiko kimetoka nje. Mche wa pili ukalainika. Ukang'aa. Ukawa matope.

Dobi aliweka bakuli la pili karibu na la kwanza, akaona aibu ambayo hakuwa ameiona tangu siku aliyounguza kola ya mteja, akiwa na miaka kumi na nane.

"Tuache," alisema. "Mtoto hatakufa kwa kukosa chokoleti. Nitampa keki hivyo hivyo."

"Sawa," alisema mke.

Lilikuwa lile neno. Aligeuza uso kuelekea dirishani, ingawa dirisha la jikoni lilitazama ukuta. Dobi aliogopa. Kwa siku tatu sauti ya mkewe ilikuwa imerudi ndani ya nyumba, ikimuuliza kama siagi amelainisha na kama ana macho, na sasa aliisikia ikifunga mlango nyuma yake. Na kesho yake saa sita gari lingekuwa nje.

"Umebaki mche mmoja," alisema.

"Ukiharibika?"

"Ukiharibika nitamwambia mjukuu kosa ni langu. Sitakutaja."

Mke alipokuwa anakwenda kulala alisimama mlangoni, akategemea fimbo, akafikiri. Akasema, "Asubuhi nataka kuona kitu," akaenda.

Asubuhi ya Jumamosi alimwamsha kwa fimbo. Alikuwa ameshavaa gauni mwenyewe, vifungo viwili vikiwa vimeruka matundu yake. Jikoni aliamuru kiti chake kisogezwe mpaka pembeni mwa jiko, si nyuma.

"Fanya tena," alisema. "Kila kitu. Bila chokoleti."

"Niyeyushe nini?"

"Usiyeyushe. Fanya tu."

Dobi alijiona mpumbavu, lakini alifanya. Aliweka maji kidogo kwenye sufuria, akawasha moto mdogo. Aliweka bakuli tupu juu. Alitanua miguu, akatoa kiwiko, akakoroga hewa kwa kijiko kikavu. Mke alitazama mikono, si bakuli. Maji yalipopata moto na mvuke mwembamba ukaanza kupita chini ya bakuli, mkono wa kulia wa Dobi uliacha kijiko. Ulikwenda wenyewe pembeni, ukachovya kidole kwenye kikombe cha maji kilichokuwa pale, ukagusa ukingo wa bakuli. Bakuli halikulia. Mkono ukarudi kikombeni, ukachovya tena, ukagusa tena, na safari hii tone zuri la mviringo likateremka ndani ya bakuli polepole na kutulia katikati.

Mke alianza kucheka. Upande mmoja wa uso ulicheka zaidi ya mwingine, na kicheko kilikuwa na kikwaruzo cha mlango uliokaa bila kufunguliwa, lakini kilikuwa chenyewe. Alicheka mpaka akashika meza.

"Unacheka nini?" aliuliza Dobi.

"Tazama kidole chako."

Alikitazama. Kilikuwa kimelowa. Akatazama kikombe, na hakukumbuka kukiweka pale, si leo, si jana. Alikuwa amekiweka kwa sababu kulikuwa na kitu cha moto mbele yake, na mbele ya kitu cha moto yeye huweka kikombe cha maji mkono wa kulia.

"Ulikuwa unasubiri bakuli lilie," alisema mke.

"Nilikuwa nasubiri lilie," Dobi alikubali. "Lisipolia naongeza." Akakaa chini. "Miaka arobaini, bibie. Kidole hakiombi ruhusa."

Alimwaga maji, akakificha kikombe ndani ya kabati. Akarudi kwenye jiko akajaribu tena na bakuli tupu, na baada ya dakika moja waligundua, yeye na mkewe kwa pamoja, kwamba amesimama kwenye bomba na kidole kimenyooshwa. Alipendekeza kukifunga kitambaa. Mke alisema akikifunga hicho atachovya kingine, anavyo kumi.

Kisha akawa anamtazama.

"Gauni langu la harusi ulilipiga pasi mwenyewe," alisema.

"Lile la kuazima."

"Nilikuchungulia kwenye ufa wa mlango. Hukuchovya kidole."

"Ningechovyaje? Lile lilikuwa hariri."

"Basi na hii ni hariri."

Ilikuwa saa nne kasoro robo. Dobi alitembea mpaka kwenye jiko, na kitu kikabadilika katika namna alivyosimama. Miguu ilikaribiana. Kiwiko kiliingia ndani. Mkono wa kulia uliokuwa ukizurura ukatulia, maana kwenye hariri haukuwahi kuwa na kazi ya kuzurura. Alikata mche wa tatu na wa mwisho, ukubwa wa kucha. Akabakiza kiganja kimoja cha vipande pembeni, kama alivyoagizwa. Akaweka bakuli juu ya mvuke, na badala ya kuchovya kidole aliinama, akasogeza shavu karibu na ukingo, akafumba macho.

"Inasemaje?" aliuliza mke.

"Bado. Ni moto wa kitambaa chembamba."

"Ikipita hapo zima."

"Najua ikipita itakuwaje. Niache."

"Nikuache umalize mche wa tatu? Koroga. Taratibu. Toka chini, usipige, unapaka rangi ukuta?"

"Imeanza kupanda."

"Zima. Toa bakuli. Futa tako lake kabla hujaliweka mezani, lina jasho, usiniletee mafuriko."

Alilifuta kwa taulo lililopigwa pasi. Ndani bado kulikuwa na vipande vigumu, na akataka kulirudisha.

"Viache," alisema mke. "Vitayeyuka kwa joto la wenzao. Una haraka gani, kuna mteja mlangoni? Sasa tia vile vya pembeni. Koroga. Usimame wima, unaipumulia."

Vipande vililegea kimoja kimoja vikapotea. Chokoleti ikang'aa, na safari hii ikaendelea kung'aa. Dobi aliinua kijiko, ikateremka mfululizo bila kukatika. Alikuwa amepiga pasi hariri nyingi maishani, na alikijua kile kitu kilichokuwa mbele yake.

"Iguse na mdomo wa chini," mke aliamuru. "Isiwe moto, isiwe baridi. Usiilambe. Nimesema usiilambe. Mwaga katikati ya keki. Zungusha sahani, bakuli lisitembee. Pole pole, mzee. Wacha ishuke yenyewe pembeni. Pale umeruka. Rudi. Hapo."

Dobi aliiona keki imefunikwa yote, hata ule upande uliolala. Akanyoosha mgongo. Ndipo akamwona binti yake amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, mtoto mbele yake. Walikuwa wamefika mapema, na hakuna aliyejua wamesimama pale kwa muda gani, ila mtoto alikuwa ameshachoka kusimama na alikuwa ameketi juu ya kiatu cha mama yake.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama," alisema binti.

"Marahaba," walijibu, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, tangu lini unaongea hivi?"

"Tangu Jumatano," alisema mama yake. "Usimwache huyo mtoto aguse keki, chokoleti haijaganda. Mzee, wape kitu cha kunywa."

Chokoleti mbili zilizoharibika zilikuwa bado kwenye mabakuli yake. Mke alisema kilichokufa kwa tone hufufuka kwa kikombe, na akaamuru maziwa ya moto yamiminwe juu yake mengi, yakorogwe kwa nguvu zote, hapo Dobi aruhusiwe kupiga anavyotaka. Madonge yalipambana kidogo kisha yakalainika. Wote walikunywa. Mjukuu aliuliza kama wataiharibu tena mwakani.

Chokoleti ilipoganda, mtoto alipanda kiti, akainama juu yake, akajitazama. Aliridhika. Ikakatwa. Binti alikula kipande chake chote, akakwangua sahani, akaweka kijiko chini kwa uangalifu wa mtu anayejua kitakachofuata.

"Mkoba nimeuona chumbani," alisema. "Umepangwa vizuri sana."

"Baba yako ndiye aliyepanga," alisema mama yake. "Jumanne. Niliingia kulala nikakuta nguo zangu zote zimepigwa pasi, zimekunjwa, hata za kulalia. Mkoba umefungwa kabisa." Alisukuma chembe ya keki kwa kidole cha kushoto. "Nikajua amechoka na mimi."

Dobi alikuwa kwenye sinki, mikono ndani ya povu. Aligeuka na maji yakamdondoka sakafuni.

"Mimi?" alisema.

"Mtu hapigi pasi nguo za mgonjwa siku tatu kama hataki aondoke."

"Nilipiga kwa sababu unaondoka," alisema Dobi. "Sikutaka ufike huko watu wakuone na mikunjo. Waseme huyu hakuwa na mtu."

Mke aliiacha ile chembe ya keki.

"Hukuniuliza kama nataka kwenda," alisema.

"Ulisema mtakavyoona."

"Nilikuwa nangoja uone."

Binti alitazama sahani yake. Alikuwa muuguzi na alikuwa amezoea kuwapo watu wanapoambiana mambo, lakini hawa walikuwa wazazi wake. Alimwinua mtoto, akampeleka nje akaone kamba za nguo, na mtoto akauliza kwa nini, kamba si anazijua. Aliporudi peke yake alikuwa amerudisha funguo mfukoni.

"Nitakuandikia mazoezi yake, baba," alisema. "Asubuhi na jioni. Mkono na mguu. Usiruke hata siku moja. Na nitakuja kila wiki, sio kila ya pili."

"Andika kwa herufi kubwa," alisema Dobi. "Miwani yangu imechoka."

"Na mboga. Mayai peke yake hayatoshi."

"Mboga atanifundisha yeye."

"Mungu anisaidie," alisema mke.

Waliondoka alasiri, mtoto akiwa na kipande cha keki kilichofungwa, gari likiwa na nafasi tupu kiti cha nyuma. Dobi aliwapungia mkono mpaka kona. Alirudi ndani, akapita sebuleni, akaingia chumbani na kuufungua mkoba. Zilikuwa pale kama alivyozipanga, gauni juu ya gauni, kingo zimelingana, hakuna hata moja iliyojikunja. Zilihitaji tu kurudishwa kabatini.

Alizibeba zote mpaka mezani kwake. Akaiwasha pasi. Akaenda jikoni akakitoa kikombe kabatini, akakijaza maji, akakiweka mkono wa kulia, na kiti cha mkewe akakisogeza karibu na meza, mkewe akaketi. Alipochovya kidole na kuigusa pasi, ililia kwa ukali.

"Hiyo ndiyo yenyewe," alisema mkewe, na Dobi akachukua gauni la kwanza, lililokuwa limenyooka kabisa, akalitandaza, akaanza kulipiga pasi.